Utando Unasingiziwa: Kutafuta Hitilafu kwenye Mtambo wa Kunasa Amonia ya Majitaka

Mtambo wa kunasa amonia ukianza kuzingua, wa kwanza kunyooshewa kidole ni utando. Ni wa bei, umefichwa ndani ya silinda, hakuna anayeona kinachotokea humo, basi kila lawama inaishia kwake. Nimewahi kukuta moduli mbili, yaani silinda zenye utando, zimeshang'olewa na mpya zimeagizwa kutoka ng'ambo, kumbe kilichoharibika ni proba ya pH iliyoota ukoko mweupe. Proba ilikuwa inasoma 10.4. Maji yenyewe yalikuwa 9.1. Watu walisubiri mzigo bandarini kwa sababu ya kitu kinachosafishika kwa siki.

Kwa hiyo hapa tutaanza na vipimo, tuje kwenye dalili moja moja, na utando tutaufikia pale dalili zenyewe zitakapotupeleka kwake.

Mtambo unafanya nini hasa

Majitaka hupita upande mmoja wa mirija myembamba kama nywele, maelfu kwa maelfu, iliyofungwa pamoja ndani ya silinda. Mirija hiyo ni ya polipropilini au PTFE, plastiki zinazokataa maji. Upande wa pili inapita tindikali, mara nyingi asidi ya sulfuriki iliyozimuliwa. Kuta za mirija, ambazo ndizo utando wenyewe, zina vitundu vidogo mno ambavyo vinatakiwa vijae hewa muda wote. Maji hayaingii humo, chumvi haziingii, lakini gesi inapita. Amonia ikivuka inakutana na tindikali na papo hapo inakuwa amoniamu sulfeti, ile ile ambayo wakulima wa Tanzania wanaiita SA wanapokwenda kununua mbolea ya chumvichumvi.

Neno la kushika hapo ni gesi. Ndani ya maji amonia ina sura mbili: moja, amoniamu, ina chaji na haiwezi kuvuka, nyingine ni gesi iliyoyeyuka na ndiyo inayovuka. Kinachoamua ni pH na joto. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, sura hizi hugawana nusu kwa nusu pH ikiwa 9.25. Kwenye pH 7 gesi haifiki hata asilimia moja. Kwenye 10 inafika kama asilimia 85, na kwenye 11 ni karibu yote, asilimia 98. Joto likipanda, ile 9.25 inashuka: kwenye nyuzi 40 ni kama 8.8. Yule aliyeamini proba yake ya 10.4 alidhani ana gesi asilimia 93. Alikuwa na asilimia 41.

Jambo jingine: kinachosukuma amonia kuvuka si presha ya pampu. Ni kwamba upande huu kuna gesi na upande ule tindikali inaimeza ikifika tu, hivyo kule hubaki sifuri. Anayeongeza presha ili amonia "isukumike" hapati amonia zaidi hata chembe. Anatafuta balaa la kulowesha utando, na tutalifikia.

Kabla ya kushika spana

Andika namba hizi kwenye karatasi moja, za saa moja, siku moja: pH ya majitaka yanapoingia na yanapotoka, joto la pande zote mbili, mtiririko, pH ya tindikali, na amonia ya kuingia na kutoka. Nasisitiza karatasi moja kwa sababu nimeona watu wakilinganisha amonia ya Jumanne na pH ya Ijumaa kisha wakabishana mpaka jioni.

pH ipime kwa mita ya mkononi, uilinganishe na ile iliyofungwa kwenye bomba. Mita zote mbili ziwe zimepimwa upya kwa bafa, yaani vimiminika vya pH inayojulikana, za 7 na 10. Wengi hutumia 4 na 7 kwa sababu ndizo zilizoko kwenye boksi, halafu wanafanya kazi kwenye 10.5, mahali ambapo mita yao haijawahi kufundishwa.

Sampuli nazo zina mtego wake. Maji yanayotoka kwenye mtambo yana pH ya juu, na amonia iliyobaki humo inataka kuruka. Ukiacha chupa wazi mezani mpaka fundi wa maabara amalize chai, nusu ya ulichotaka kupima kimeshakwenda hewani, na jibu litakuja zuri kuliko ukweli. Jaza chupa mpaka juu, tia matone ya asidi ya sulfuriki mpaka pH iwe chini ya 2, funga, weka kwenye friji. Mtambo ambao kila asubuhi una matokeo mazuri na mwisho wa mwezi hauna mbolea ya kuonyesha, mara nyingi tatizo lake liko kwenye chupa.

Kisha piga hesabu ya tatu na nusu. Kila kilo 1 ya naitrojeni ya amonia inayovuka inakula kilo 3.5 za asidi ya sulfuriki halisi na kuzaa kilo 4.7 za amoniamu sulfeti. Hii ni kemia tupu, haitegemei kampuni wala mwaka wa mtambo. Chukua mtambo unaopitisha mita za ujazo 5 kwa saa, maji yakiwa na miligramu 1,500 za naitrojeni kwa lita. Hiyo ni kilo 7.5 za naitrojeni kila saa. Ukinasa asilimia 90 umenasa kilo 6.75, na tindikali inayotakiwa kuisha ni kilo 23.6 kwa saa, ikitoa mbolea kama kilo 32 ikiwa kavu.

Sasa linganisha na geji ya tangi lako. Tindikali ikiisha sawasawa na hesabu, utando hauna kosa hata kama hupendi asilimia unayoipata. Ikiisha zaidi ya hesabu, kuna mahali maji na tindikali vinakutana. Ikiisha kidogo kuliko naitrojeni unayodai kuondoa, basi amonia inatoka kwa mlango mwingine: tangi la kuchanganyia lililo wazi, au ile chupa ya maabara.

Dalili: amonia inayotoka bado ni nyingi

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo lenye sababu nyingi kuliko yote.

Tazama pH ya kutoka kabla ya kitu kingine. Watu wanaangalia pH ya kuingia tu, wanaona 10, wanaridhika. Lakini kila amonia ya gesi inayoondoka, ile yenye chaji inajigawa kuziba pengo na kuacha asidi nyuma yake. Kwa hiyo pH inashuka maji yakiwa bado ndani ya moduli. Yakiingia na 9.6 yakatoka na 8.7, nusu ya mwisho ya utando wako ilikuwa inafanya kazi ya bure. Dawa ni kuongeza kostiki (sodiamu haidroksaidi, inayopandisha pH) mwanzoni, au bora zaidi, kuitia tena kati ya moduli ya kwanza na ya pili. Lengo langu huwa ni maji yatoke yakiwa hayajapungua 9.5 kama ni ya vuguvugu, na juu zaidi kidogo kama ni baridi.

Kama pH ya kutoka iko sawa, tazama joto. Kiwanda kikibadilisha kitu huko juu, maji yaliyokuwa yakija na nyuzi 38 yakaanza kuja na 22, unapoteza mara mbili: gesi inapungua ndani ya maji, na iliyopo inavuka polepole. Hapo hujaharibikiwa na kitu.

Baada ya hapo tumia kanuni hii, ambayo kwangu imeokoa saa nyingi. Kwenye utando mzima wenye tindikali ya kutosha, asilimia inayonaswa inafuata mtiririko na ukubwa wa utando, haifuati wingi wa amonia. Maji yenye miligramu 500 na yenye miligramu 2,000, pH na mwendo vikiwa sawa, yatapoteza asilimia ileile. Basi:

Asilimia ikishuka kila mtiririko unapoongezeka, hiyo ni tabia ya kawaida. Punguza mwendo au ongeza moduli mfululizo.

Asilimia ikishuka kila amonia inapoongezeka huku mtiririko ukiwa palepale, kosa liko upande wa tindikali. Ndani ya mrija mwembamba tindikali inaweza kuisha katikati ya safari hata kama tangini pH inasoma 2. Ongeza mzunguko wa pampu ya tindikali, hakikisha chujio lake halijaziba, na usiiache pH ya tindikali inayorudi tangini ipande juu ya 3 au 4.

Asilimia ikiwa chini muda wote, hata kwa mtiririko mdogo na amonia kidogo, kuna sehemu ya utando isiyotumika. Hewa iliyonasa juu ya moduli ndiyo mshukiwa wa kwanza, hasa baada ya kuwasha upya. Majitaka yaingie chini yatokee juu, na vali ya kutolea hewa ifunguliwe mpaka yatoke maji yasiyo na mapovu. Kama si hewa, ni ukoko au uchafu uliofunika mirija, au utando umelowa.

Dalili: tindikali inaisha kuliko hesabu, na majitaka yanatoka na chumvi nyingi

Hapa ndipo utando unapoingia kizimbani kwa haki.

Vitundu vya utando vinakataa maji kwa sababu ya mvutano wa uso wa maji, ule unaofanya tone lisimame kama shanga kwenye jani la gimbi. Kwa kitundu cha mikromita 0.2 kwenye plastiki ya kawaida ya kukataa maji, maji safi yanahitaji presha ya karibu bari 5 ili yaingie. Ni usalama wa kutosha. Sasa tia sabuni. Mvutano ukishuka nusu, ile bari 5 inakuwa chini ya 2.5, na kwa kuwa sabuni pia inafanya maji yapende plastiki, kiwango halisi kinaweza kuporomoka kabisa na maji yakaingia yenyewe bila kusukumwa. Kitundu kikishajaa maji hakipitishi tena gesi kama zamani, na chumvi zinaanza kusafiri humo. Mafundi tunasema utando umelowa.

Dalili huja kwa kundi. Upitishaji umeme wa majitaka yanayotoka unapanda bila sababu. Tindikali inaisha haraka. Kiasi cha amonia kinachonaswa kinashuka. Mbolea inaanza kuwa na sodiamu au kloridi, vitu ambavyo haviwezi kuvuka kama gesi. Kwa asiye na mashine za maabara, jaribio la shuleni linatosha: zimua mbolea yako sana kwa maji yaliyotoneshwa, tia asidi ya nitriki kidogo na matone ya nitreti ya fedha. Likitokea wingu jeupe, kuna kloridi, yaani majitaka yamefika upande wa tindikali. Usisahau kuzimua, kwa sababu sulfeti ikiwa nyingi nayo hutoa mashapo yake na kukudanganya. Kwa upande wa pili, linganisha sulfeti kwenye majitaka ya kuingia na ya kutoka kwa kloridi ya bariamu. Tofauti ikiwa kubwa, tindikali inavuja kwenda kule.

Lakini kuvuja si lazima iwe kulowa. Mrija uliokatika, au oringi (pete ya mpira ya kuzibia) iliyolika, hutoa dalili hizohizo. Namna ya kutofautisha: mpasuko huja ghafla na hufuata presha, ukipunguza tofauti ya presha kati ya pande mbili uvujaji unapungua papo hapo. Kulowa huja kwa siku au wiki, na ukipunguza presha halibadiliki jambo kubwa. Kuna ubaguzi mmoja. Sabuni nyingi ikiingia kwa mpigo, utando unalowa ndani ya saa chache. Kwa hiyo tafuta ratiba ya usafi wa kiwanda. Ukiona mtambo unaugua kila Jumatatu, uliza Jumapili wanaosha sakafu kwa kitu gani, na yale maji ya povu yanaelekea wapi.

Sabuni si adui pekee. Mafuta na grisi, pombe kutoka kwenye vituo vya kukorogea, viyeyusho vya rangi, dawa za kuzuia povu, vyote vinashusha mvutano. Machinjio na viwanda vya samaki huleta mafuta. Viwanda vya pombe huleta ethanoli. Kuna adui mwingine ambaye mtu humleta mwenyewe, nyundo ya maji. Vali ikifungwa kwa pupa au pampu ya mapigo ikikosa kituliza-mapigo, presha inaruka kwa sekunde moja na geji yako ya sindano haionyeshi kitu. Utando umeshapigwa.

Kuufufua inawezekana, ila si kila mara. Simamisha mtambo. Mwaga pande zote mbili. Suuza kwa maji safi mpaka pH ya kutoka iwe ya kawaida pande zote. Kama sababu ni mafuta au uchafu wa viumbe, zungusha kostiki ya vuguvugu kwanza, suuza, kisha asidi ya sitriki, suuza tena vizuri sana, maana dawa ya kuoshea ikibaki umerudi ulikotoka. Mwisho kausha. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Kukausha kunataka hewa kavu, isiyo na mafuta, ya presha ndogo, joto lisizidi lile lililoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji, na kwa muda mrefu, wakati mwingine usiku kucha, mpaka hewa inayotoka isiache unyevu kwenye kioo. Ukitumia hewa ya kompresa ya gereji, ile inayotema mafuta, umekausha maji na kupaka grisi.

Halafu jaribu: jaza maji safi upande mmoja kwa presha ndogo, acha upande wa pili wazi na mkavu, subiri. Pasipodondoka kitu, umepona. Matone ya hapa na pale yanayokuja taratibu maana yake bado kuna vitundu vyenye maji, kausha tena. Maji yakitiririka, kuna mrija umekatika au oringi imekufa. Mtengenezaji wa moduli nyingi anaruhusu kuziba mirija iliyokatika, na moduli ikaendelea na kazi ikiwa imepoteza kidogo tu.

Usioshe kamwe kwa klorini. Sababu ya kwanza ni kwamba klorini inakula polipropilini. Ya pili ni nzito zaidi: klorini ikikutana na amonia iliyobaki humo inatoa kloramini, gesi inayochoma mapafu.

Dalili: presha ya majitaka inapanda kila wiki

Ni ukoko. Ukipandisha pH ya maji yenye kalsiamu unapika chokaa, na ukipita kama 10.5 magnesiamu nayo inaanza kuganda. Pakiwa na fosfeti pamoja na magnesiamu na amonia, unaota struviti, zile fuwele ngumu ambazo kwenye mitambo ya bayogesi huziba bomba mpaka linakatwa kwa msumeno.

Kosa la usanifu ninalolikuta mara nyingi ni kostiki kutiwa kwenye bomba mita moja kabla ya moduli. Chokaa inahitaji muda kuganda, na hapo umeipa nafasi igande ndani ya utando. Tia kostiki kwenye tangi, acha maji yatulie, mashapo yakae chini, kisha pitisha kwenye chujio la mikromita 5 hadi 10, ndipo yaende kwenye moduli. Maji yakiwa magumu sana, yalainishwe kabla.

Ukoko uliokwishakaa huyeyuka kwa asidi ya sitriki ya asilimia 2 hadi 5 ikizungushwa upande wa majitaka. Osha presha ikipanda kidogo, usingoje iwe mara mbili. Ukoko mzee ni kama ule wa sufuria ya wali iliyosahauliwa jikoni, hautoki bila kukwangua, na utando hauwezi kukwanguliwa.

Dalili: mbolea ni nyepesi, na tangi la tindikali linajaa lenyewe

Umeangalia, hakuna kloridi, hakuna sodiamu, ila kimiminika kinaongezeka na uzito wake haupandi. Wengi hapa wanakimbilia kusema kuna tundu. Hakuna tundu. Ni mvuke wa maji.

Vitundu vinapitisha gesi, na mvuke ni gesi. Majitaka yakiwa nyuzi 40 na tindikali nyuzi 25, mvuke unatoka kwenye joto kwenda kwenye baridi kwa kasi, maana presha ya mvuke wa maji kwenye nyuzi 40 ni kilopaskali 7.4 na kwenye 25 ni 3.2 tu. Hata joto likiwa sawa, chumvi nyingi kwenye mbolea inavuta maji: juu ya amoniamu sulfeti iliyokolea hadi mwisho, mvuke unakuwa kama asilimia 80 ya ule wa maji matupu. Ndiyo sababu mbolea inapanda vizuri mpaka mahali fulani halafu inagoma.

Tiba ni kuiacha tindikali iwe na joto zaidi ya majitaka kwa nyuzi 3 au 4. Bahati nzuri mmenyuko wenyewe unatoa joto, kwa hiyo mara nyingi inatosha kufunga tangi na mabomba ya tindikali kwa blanketi la kuzuia joto, na kuondoa kile kipoozeo ambacho mtu alikiweka kwa nia njema. Kama majitaka yana joto kali, yapooze kidogo kabla ya kuingia, ukijua unapoteza gesi kwa upande mwingine. Hapo unapima kipi kinauma zaidi: amonia kidogo iliyobaki, au lori linalobeba maji.

Nunua haidromita, kifaa cha kupimia uzito wa kimiminika. Mbolea ya asilimia 40 ina uzito wa karibu 1.23 ukilinganisha na maji. Kifaa cha kioo cha bei ndogo kinakuambia kila zamu mlipofika.

Ukivuka hapo, tatizo linageuka. Kwenye nyuzi 20 maji hayawezi kubeba zaidi ya kama asilimia 43 ya chumvi hii, na usiku wa baridi wa nyanda za juu fuwele zitaota kwenye kiwiko cha bomba na kwenye vali. Simama kwenye asilimia 35 hadi 38 na ulale. Fuwele zikiwa zimeshaota, maji ya vuguvugu yanazimaliza. Hakuna haja ya nyundo.

Dalili: kostiki inamaliza bajeti

Kwa kila kilo ya naitrojeni yenye chaji unahitaji kilo 2.9 za kostiki. Ukitumia zaidi ya hapo, mlaji ni bikaboneti, yaani kaboni dayoksaidi iliyofungwa ndani ya maji kama chumvi. Maji ya bayogesi yana bikaboneti karibu sawa na amoniamu, na ukifika pH 10 kama theluthi moja yake imeshageuka kaboneti kwa gharama yako.

Piga hewa kwanza. Kaboni dayoksaidi iliyomo ikitoka, pH inapanda yenyewe bila senti. Matias Vanotti na Ariel Szogi wa idara ya kilimo ya Marekani walilijenga wazo hili kwenye maji ya mabanda ya nguruwe: hewa kidogo tu badala ya kostiki, na utando ukizamishwa humohumo. Ni njia ya polepole na inataka maji yenye bikaboneti nyingi, lakini hata pale ambapo kostiki bado inahitajika, hewa ya mwanzo inaipunguza. Tangi la hewa lifunikwe. Ukipuliza kwa nguvu baada ya pH kupita 9, utakachokifukuza ni amonia.

Chokaa ni rahisi kuliko kostiki na kila mara kuna mhasibu atakayeipendekeza. Mpeleke akasome sehemu ya ukoko hapo juu.

Dalili: harufu

Harufu ya amonia karibu na mtambo maana yake kuna tangi la pH ya juu lililo wazi au kiungio kinachovuja upande wa majitaka. Pua si kipimo, inazoea haraka. Weka kifaa cha kupimia gesi. Kikomo kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya usalama kazini ni sehemu 25 kwa milioni kwa zamu ya kazi, na 300 ni kiwango cha hatari ya maisha, unakimbia, huendi kutafuta vali. Kabla ya kufungua moduli yoyote, suuza kwanza kwa maji mpaka pH ishuke. Ukizimua tindikali, mimina tindikali kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye tindikali.

Kuna harufu nyingine ambayo huleta simu kutoka kwa mnunuzi: mbolea inanuka samaki. Viwanda vya kukatia sangara pembeni ya Ziwa Viktoria wanaijua harufu hiyo vizuri. Ni trimethilamini, ndugu wa amonia anayezaliwa samaki anapoanza kuoza, na kwa kuwa naye ni gesi kwenye pH ya juu na tindikali inampenda vilevile, anavuka pamoja na amonia. Utando hauna namna ya kuwatenganisha. Mkulima hadhuriki nayo, ila mnunuzi wa dukani hatataka gari lake linuke. Njia mbili zinafaa. Ya kwanza ni kuharakisha majitaka yasikae siku mbili kwenye shimo yakioza kabla ya kufika mtamboni. Ya pili ni kuiuza ikiwa ya maji, kwa shamba lililo karibu, ikatiwe moja kwa moja kwenye bomba la umwagiliaji siku hiyohiyo.